Kroshia ya Karabai

Nyahanga, Kahama
11 Februari 2024

Shangazi Melania,

Shikamoo. Huku nyumbani hatujambo wote. Mama amepona jino na anakusalimu sana. Baba bado yuko Runzewe kwenye biashara ya mbao. Kaka Makoye yuko machimboni upande wa Geita, hatujamwona tangu Krismasi. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamenifika kiunoni. Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Sitaandika nilichopata, najua habari zilifika Chato kabla ya basi. Kidato cha tano siendi.

Umeniagiza nifungue kopo la Bibi nikuandikie kilichomo, kimoja kimoja, kwa kuwa kwenye simu hunisikii, na ujumbe wa simu, kama ulivyosema, unaisha kabla mtu hajamaliza kusalimu. Nimefurahi umeniagiza mimi. Kuandika naweza. Kuongea ndiko kunakonishinda. Hata nikitumwa dukani natamani nimpe muuzaji karatasi.

Kopo lilikuwa chini ya kitanda cha Bibi, limefungwa kwa kanga. Tangu tumzike mwaka jana hakuna aliyeligusa. Nilitandika mkeka nikazipanga kroshia zote, zile sindano zake za kufumia, juu yake, nikaogopa hata kupumua karibu nazo.

Ya kwanza ni ya chuma, nyembamba kama sindano ya kushonea, ina kifuniko chake kidogo cha bati ili isichome mtu. Shingoni ina namba sita na maandishi ya kigeni yaliyofutika. Ziko mbili za mfupa. Nadhani zamani zilikuwa nyeupe, sasa zina rangi ya samli, na moja ina alama za meno. Ipo ya spoki ya baiskeli yenye mpini wa mpingo. Ipo ya mti, nene kama penseli. Ipo moja iliyovunjika kichwa, lakini Bibi aliiviringishia kitambaa chake peke yake, kama mgonjwa.

Na ipo ya njano. Hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Kichwa kimelainishwa mpaka hakikwaruzi hata ukikipitisha mdomoni. Pale panapokaa kidole gumba pamelika pakaingia ndani kama kijiko. Niliweka kidole changu hapo, kikakaa sawasawa. Shangazi, nilikaa hivyo muda mrefu sana. Sijawahi kushika kitu kilichoshikwa kiasi hicho.

Kuna jambo lingine. Nilikwenda kununua uzi kwa Bi Mwamvua, yule mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi: uzi namba ishirini, mweupe. Nikampa. Akanitazama juu ya miwani.

"Ulimi umeuacha nyumbani?"

Nikamwonyesha ile karatasi kwa kidole.

"Hati hii ni yako?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe anaongea!"

Akanipeleka nyuma ya duka. Shangazi, ana kabati la vioo limejaa kroshia za zamani na lesi zilizofumwa kwa mkono. Anazikusanya miaka thelathini sasa. Kila kitambaa kimelala na kroshia iliyokifuma. Anasema kitambaa kisicho na kroshia yake hakipokei, hata kingekuwa kizuri namna gani, kwa sababu ni kama picha ya harusi iliyokatwa bwana harusi. Mwezi wa tisa atafanya maonyesho, na anatafuta mtu wa kumwandikia kadi za kueleza kila kitu. Nilipomwambia mimi ni mjukuu wa Generosa, alivua miwani. Aliniuliza kama kile kitambaa kikubwa cha meza bado kipo. Nikamwambia nitakuuliza. Kipo?

Mimi mwanao,
Asteria

*

Chato
2 Machi 2024

Asteria mwana wa kaka yangu,

Marahaba, tena marahaba. Huku dagaa wamejaa mpaka paka wa jirani wamekuwa wavivu. Mimi mzima. Masikio yangu ni yaleyale, na sijayakosa sana wiki hii, kwa maana jirani amenunua spika kubwa.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umeziona kama ninavyoziona mimi.

Zile alama za meno ni zangu. Nilipougua ile homa iliyoninyang'anya masikio nilikuwa na miaka sita. Watoto wenzangu waliendelea na michezo yao, nami nikawa natazama midomo tu bila kujua wanacheka nini. Mama akanikalisha mbele yake akanipa kroshia ya mfupa na uzi. Hakusema neno. Alifuma tundu moja, akasubiri, nami nikafuma moja. Nilipokosea niliing'ata kwa hasira. Tulizungumza hivyo mwaka mzima kabla sijajua kusoma midomo ya mtu yeyote.

Ile ya njano ni ya shaba. Babu yako Valerian alikuwa mlinzi kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na taa yao kubwa ya karabai ilipoharibika aliomba kile kijiti cha pampu. Alikikata, akakichonga kwa tupa, akakisugua kwa msasa masika yote mpaka kikawa kroshia. Alikuwa hajui kufuma hata kidogo, kwa hiyo aliichonga shingo nene kuliko kawaida. Kosa hilo ndilo lililompa Mama matundu ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa nayo. Watu walikuwa wanaweka kitambaa chake juu ya chao kuhesabu, na hawapati.

Kitambaa kikubwa kipo. Kiko kwangu. Alinipa alipozidiwa. Ukingoni kimebaki shibri mbili, nami nataka kuzimaliza. Unajua kazi iliyoanzwa na kroshia moja humalizwa na hiyohiyo. Ukibadilisha, matundu yanabadilika, kitambaa kinavutana kama shati lililoshonwa na mafundi wawili.

Nitumie hiyo ya njano. Iviringe peke yake, usiichanganye na nyingine, mpe konda mkononi. Nikimaliza, mwambie Bi Mwamvua atavipata vyote viwili, kitambaa na kroshia, avionyeshe pamoja na jina la Mama.

Usichelewe.

Shangazi yako,
Melania

*

Nyahanga
21 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kuandika. Mama hajambo. Baba alikuja akarudi Runzewe. Mimi niliugua malaria siku tano. Mvua zimekata barabara ya kwenda mashambani na kuku wawili wamekwenda na maji.

Bi Mwamvua ameanza kunipa kadi za kuandika. Nakaa nyuma ya duka asubuhi, yeye anavitoa vitu kimoja kimoja na kunieleza, nami naandika. Kuna lesi ya mito iliyofumwa na mke wa mchimbaji mmoja, mfumo wake unaitwa ngazi ya duarani, yaani ya kushukia shimo la machimbo: vijiti viwili virefu, katikati vidaraja vidogo, vinashuka mpaka chini ambako kuna tundu moja jeusi, maana hapo aliacha kitambaa wazi. Alikuwa anafuma kidaraja kimoja kila siku mumewe akiwa chini ya ardhi. Kuna kitambaa cha kufunikia redio chenye pindo jembamba kama mbawa za kumbikumbi. Bi Mwamvua anakiosha kwa maji ya mvua peke yake. Kuna kroshia ya pembe ya ng'ombe iliyopinda kidogo, na kitambaa chake nacho matundu yote yamelalia upande mmoja, kama nyasi kwenye upepo. Nikasema kwa sauti, "Yameifuata!" Bi Mwamvua akasema, "Leo umeongea kabla hujaulizwa. Niandike tarehe?"

Shangazi, sikujua kama vitu vidogo hivi vinaweza kumfanya mtu atamani kuamka mapema.

Kroshia ya njano sijaituma. Kuna jambo nashindwa kuliandika. Nimeanza barua hii mara sita. Nitaliandika.

Asteria

*

Chato
4 Mei 2024

Asteria,

Marahaba. Nashukuru kwa habari za kuku.

Umenijazia kurasa mbili za mvua na lesi za watu wengine. Mvua ninayo hapa. Kroshia ya mama yangu iko wapi?

Melania

*

Nyahanga
12 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Haipo. Imeyeyushwa.

Barua yako ya tarehe 2 Machi nilipewa tarehe 16. Konda alibadilishiwa basi, ikakaa kwenye droo ya ofisi yao. Makoye alikuja tarehe 13. Tarehe hizi siziandiki kujitetea. Nataka tu ujue kwamba nilikuwa sijaisoma.

Alinikuta mkekani nazifuta kroshia. Akaichukua ya njano, akaipimapima kiganjani.

"We Asteria, hii unajua ni nini?"

"Kroshia ya Bibi."

"Kroshia gani nzito hivi? Umekalia mali mdogo wangu, unafuma vitambaa vya makochi!"

Akasema tukiipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu naweza kwenda chuo cha ushonaji mwaka huuhuu. Na hili lazima niliandike: nilitaka iwe kweli. Huku kwetu kitu cha njano na kizito hakiitwi jina lingine. Sikuwahi kufikiri kwamba thamani ya kitu inaweza kujulikana kwa namna nyingine isipokuwa mizani na moto.

Kesho yake tulikwenda kwa mnunuzi mmoja anaitwa Akida. Akaisugua kwenye jiwe jeusi, akadondosha dawa, ikachemka kijani.

"Shaba," akasema. "Chukueni kitu chenu."

"Shaba ni ya juu, mzee wangu," Makoye akasema. "Ndani je? Wazee walikuwa wajanja. Walikuwa wanaifunika ili isionekane."

Wanaume waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu katoka duarani leo, bado ana vumbi kwenye akili."

"Cheka tu," Makoye akasema. "Ikifunguka hapa utaniita bosi."

Akida hakucheka. Akasema, "Gesi ninayo, kuyeyusha ni kazi yangu. Ila ikiingia humu hairudi ilivyokuwa." Kisha akanigeukia mimi. "Binti, hiki ni kitu cha kike. Ni chako? Tuyeyushe?"

Shangazi, aliniuliza. Aliniuliza na akasubiri. Benchi zima likanigeukia. Nilikuwa na jibu, lilikuwa limeshafika kooni. Nikatazama miguu yangu.

"Amekubali huyo," Makoye akasema.

Ilisimama wima kwenye kikombe cha udongo cha kuyeyushia, kichwa juu. Halafu kichwa kikainama. Ukatoka moshi mweupe, Akida akaziba pua akasema, "Nilijua, shaba ya bomba." Hakukuwa na kitu ndani. Ilibaki kama kokwa la embe lililopinda. Makoye alilitupa mtaroni tukiwa njiani, akawa anaimba ili nisione aibu yake. Siku mbili baadaye nikapewa barua yako, nikasoma habari ya Babu na tupa na masika yote.

Makoye amerudi machimboni. Hajui ilikuwa nini. Mimi ndiye niliyeulizwa, kwa hiyo ni mimi.

Bi Mwamvua nimemwambia pia. Nilimwandikia kwenye kadi, nikaiweka mezani nikaondoka. Aliniita nikiwa mlangoni. Akasema, "Kesho uje saa ileile."

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani. Nimezunguka kichwa kizima sijayapata.

Asteria

*

Nyahanga
9 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Konda anasema barua yangu alikukabidhi mkononi na ukaisoma ukiwa umesimama palepale stendi. Kwa hiyo najua imefika.

Sisi wazima. Sitakusumbua. Nilitaka kukusalimu tu.

Asteria

*

Chato
29 Juni 2024

Karatasi iliyomo humu niliitandika juu ya kitambaa cha Mama nikaisugua kwa penseli. Matundu yake yanaonekana yote.

Chukua kroshia ya spoki. Fuma kipande cha upana wa vidole vinne. Kiweke juu ya karatasi. Matundu yakikubaliana, nitumie. Yakikataa, fumua uanze upya.

M.

*

Nyahanga
13 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilipofika, Mama aliona haina salamu, akauliza kama kuna msiba. Nikasema ni maelekezo ya kazi.

Karatasi nimeigandamiza kwenye ubao kwa pini. Wakati mwingine nasahau kufuma, naitazama tu. Kwa penseli matundu ya Bibi yanaonekana kama nyayo za mtu mmoja aliyetembea miaka arobaini bila kubadilisha mwendo.

Nakutumia vipande vitatu. Nimefumua kumi na moja. Vyote vinakuwa vidogo kuliko vyake. Spoki ni nyembamba, nami sijui nifanye nini nayo.

Asteria

*

Chato
20 Julai 2024

Asteria,

Hujambo.

Spoki haina kosa. Unabana. Unashika uzi kama mtu aliyetumwa dukani na hela ya jirani mkononi. Uache upite kidoleni wenyewe. Kroshia nyembamba na mkono uliolegea hufika pale ilipofika kroshia nene na mkono wa Mama.

Kipande cha tatu, mstari wa mwisho, matundu manne ya kushoto. Hapo ulikuwa unafikiria nini? Fikiria hicho tena.

Melania

*

Nyahanga
28 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Matundu yale manne nilikuwa namsikiliza Bi Mwamvua akigombana na mteja aliyesema lesi ya mashine ni ileile tu, tena haikunji uso. Bi Mwamvua akamwambia, "Na mume wa kwenye kalenda ni yuleyule tu, tena hakoromi." Nilicheka mpaka nikasahau mkono.

Sasa nafuma dukani, mchana, watu wakiingia na kutoka. Nyumbani nikiwa peke yangu nabana. Sikujua hilo kuhusu mimi.

Nimekitandika kipande hiki juu ya karatasi asubuhi, nikakitandika tena jioni nikidhani macho yamenidanganya. Kimekubali.

Asteria

*

Chato
6 Agosti 2024

Asteria mwanangu,

Marahaba. Waambie nyumbani nawasalimu, Mama yako na kaka yangu akirudi. Ziwa limetulia, upepo wa asubuhi ni baridi, nimeanza kuvaa soksi kama bibi kizee.

Kipande chako nilikiweka juu ya kitambaa cha Mama, si juu ya karatasi. Nikakisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia. Kikapotea. Ilinibidi nikitafute kwa kucha.

Sasa nami nikuandikie nisilotaka kuliandika. Kroshia ile sikuitaka kwa ajili ya matundu peke yake. Vidole vyangu vimeharibika. Gumba la kulia limevimba huu mwaka wa tatu, kroshia nyembamba siwezi kuishika, inanitoka. Ile ya njano ningeweza, kwa shingo yake nene na kile kishimo. Nilikuwa nimepanga nimalize shibri mbili za Mama, kisha niache kufuma bila kumwambia mtu. Ulipoandika kwamba imeyeyushwa, sikuwaza kitambaa. Niliwaza mikono yangu. Ndiyo maana nilinyamaza. Ningekuandikia wakati ule, ningekuandikia mambo ambayo basi lisingeweza kuyarudisha.

Bado sijakusamehe vizuri. Nakuambia ukweli, kwa maana nawe uliniambia. Ila kitambaa lazima kimalizwe, na mkono ulioko ni wako.

Panda basi la Chato wiki ijayo. Njoo na spoki. Utakaa kwangu mpaka shibri mbili ziishe, mimi nitakuwa nakaa mbele yako. Na ujue jambo moja kabla hujafika: mtu anayeinamisha kichwa, kwangu mimi hajasema kitu. Midomo naisoma ikiwa inaonekana. Kwa hiyo ukifika utasimama mlangoni kwenye mwanga, uinue uso, uniambie kwa mdomo wako lile uliloniandikia Mei. Lote, na yule mnunuzi alivyokuuliza. Ukimaliza tutakula.

Shangazi yako,
Melania

*

Nyahanga
22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nilifika nyumbani salama, Mama amefurahia samaki, harufu imebaki kwenye begi langu mpaka leo. Baba yupo nyumbani na anakusalimu. Kidole kinaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyokuwekea ndani ya kikombe cha bluu usisahau kuitumia.

Jana ndiyo yalikuwa maonyesho. Bi Mwamvua alifunga turubai uani kwake, akayatoa makabati yote nje. Kitambaa cha Bibi alikitandika kwenye meza peke yake. Watu walikuwa wanakizunguka wakiwa na mikono nyuma, kama walio kanisani. Nilimwona mama mmoja anahesabu matundu kwa midomo, akafika mahali akarudi mwanzo. Mpaka kati ya ufumaji wa zamani na mpya hakuna aliyeuona. Mimi mwenyewe nilipotea nikauona kwa kujua tu.

Kadi tuliyoiandika kwako, Bi Mwamvua aliisoma mara mbili.

"Unataka watu wakucheke kwenye uwanja wangu?"

"Shangazi amesema iandikwe hivyo."

"Shangazi yako ni mkali."

"Ndiyo, Bi Mwamvua."

"Namtaka. Mwambie aje anitishie wateja." Akaisimamisha kadi mbele ya kitambaa, na pembeni, pale ambapo kroshia hulala, akaacha nafasi tupu. Hiyo spoki aliiweka upande wa pili.

Sasa sikia. Alikuja bibi mmoja wa rika la Bibi Generosa, na fimbo. Akanisalimu Kisukuma, mwangaluka, nikaitikia. Akasema, "Nisomee hapa, ng'wanone, macho yangu yamechoka." Watu walikuwa wamejaa, Shangazi. Niliinua uso kama ulivyonifundisha, nikasoma kwa sauti:

"Kitambaa cha meza. Kimefumwa na Generosa, mke wa Valerian, Nyahanga. Shibri mbili za mwisho zimefumwa na mjukuu wake kwa kroshia ya spoki. Kroshia ya kwanza ilikuwa ya shaba, ilichongwa na mumewe kutoka kwenye pampu ya karabai. Iliyeyushwa mwaka huu na mjukuu huyohuyo, akidhani ina dhahabu ndani."

"Mjukuu gani huyo mpumbavu?" bibi akauliza.

Nikasema, "Ni mimi, bibi."

Yule bibi akanitazama, akaegemea fimbo yake, akaanza kucheka taratibu mpaka mabega yakatikisika. Akasema, "Mimi niliyeyusha heleni za mama mkwe wangu. Marehemu alikufa akidhani zimeibwa." Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, anaitwa Martina, mke wa mchimbaji, akasema mumewe aliyeyusha kengele ya mbuzi ya baba yake, ile iliyokuwa inalia kwa sauti mbili. Mwingine akasema medali. Mwingine, kijiko cha misheni alichopewa siku ya ubatizo. Mwanamume mmoja mzima, ana mvi, akasema yeye ni kile kidude cha kupulizia cha tarumbeta ya bendi ya shule, na hakuna aliyewahi kujua kwa nini bendi ilikufa. Kila mmoja alikuwa anasema na wengine wanapiga makofi. Bi Mwamvua akanitupia daftari. "Andika," akasema, "kabla hawajaona haya tena!"

Niliandika mpaka turubai lilipofunguliwa. Nimepata vitu kumi na moja ambavyo havipo tena. Kila aliyesema nilimuuliza jina la aliyekitengeneza. Nilimuuliza kwa mdomo.

Bi Mwamvua amesema niendelee kuja. Anataka kitabu chenye vitu vyake vyote, na anasema mwandishi ni mimi. Makoye naye amepita leo asubuhi, Mama alimpeleka dukani, kilipo kitambaa sasa, akaone. Alisimama mbele ya ile kadi muda mrefu. Akaniuliza, "Mbona hukuniandika?" Nikamwambia niliyeulizwa ni mimi. Hakuimba.

Asteria

*

Chato
1 Oktoba 2024

Asteria mwanangu mpendwa,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba. Msalimie Mama yako, na kaka yangu, mwambie ndevu zile azinyoe. Msalimie Bi Mwamvua, nikipata nauli na soksi nitakuja kumtishia wateja. Msalimie na Makoye. Nimelitaja jina lake, umwonyeshe hapa lilipo.

Kidole kimepungua. Dawa yako inanuka vibaya, nadhani ndiyo maana uvimbe umekimbia.

Niandikie vyote kumi na moja. Usivifupishe. Kila kimoja niambie kilikuwa na uzito gani mkononi, kililika wapi, na nani alikitengeneza. Kengele ya sauti mbili ianze.

Ukishamaliza hivyo, rudi kwa haohao ukawaulize majumbani mwao wana nini cha njano ambacho bado hakijafika kwa Akida.

Shangazi yako,
Melania